Gego Linahukumiwa kwa Matendo

Hotuba niliyoitoa Jumamosi asubuhi, chini ya mwembe wa shule, mbele ya vijana na wazazi wa mtaa wetu hapa Lindi mjini. Waliokosa kufika kwa sababu ya shamba, msiba au usingizi wameiomba, nami nimeiandika kama nilivyoisema. Nimeondoa tu pale nilipopotea njia.

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Ambao sijawagusa, habari za asubuhi. Mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na pikipiki ili mtoroke mapema, itifaki imezingatiwa.

Kabla sijasema lolote nawapa kazi. Fumbeni midomo. Ulimi wako uweke kwenye jino la mbele la chini, lile la katikati, upande wa kulia. Sasa hesabu ukirudi nyuma. Moja, mbili, tatu, usiharakishe. Umefika saba? Nyuma ya la saba kuna kitu?

Nawaona walioinua nyusi. Kijana mwenye kofia ya njano amekuta la nane limechungulia nusu. Mama pale mbele amefika saba na ukuta umeishia hapo. Wote wawili ni wazima, msitazamane hivyo. Wapo watu ambao la nane halikuumbwa kabisa, na hawajapungukiwa na chochote.

Hilo la nane ndilo lililonileta. Wengine huliita jino la hekima, wengine jino la akili, kwa kuwa huja mtu ameshakua, mara nyingi kati ya miaka 17 na 25. Mimi naliita gego la mwisho. Nimeshatibu wengi walioota yote manne na hekima ikawa bado iko njiani.

Sasa, kwa nini jino hili lina kesi nyingi kuliko mengine? Kwa sababu linafika wakati viti vimekaliwa. Mnalijua basi la asubuhi linalotoka Nachingwea. Likifika Mnazi Mmoja limeshajaa. Abiria anayepanda pale anafanyaje? Mmoja anasimama wima vizuri, amebahatika. Mwingine anasimama upande, kamwegemea mwenzake begani. Mwingine kabaki mlangoni, mguu ndani mguu nje. Na yupo ambaye hakupanda kabisa. Magego ya mwisho ni hivyohivyo. Kuna linalosimama wima na kutafuna kama ndugu zake. Kuna linaloegemea la saba. Kuna lililotoka nusu, nusu iko chini ya fizi. Na kuna lililolala ndani ya mfupa kama mtu kajifunika shuka.

Yule mjusi wetu mkubwa wa Tendaguru, ambaye Wajerumani walimchimba hapa mkoani kati ya 1909 na 1913 wakampeleka Berlin, yeye hakuwa na shida hizi. Jino lake likichakaa lilitoka, likaota lingine, hivyo hivyo maisha yake yote. Wewe umepewa awamu mbili: ya utotoni meno 20, ya ukubwani meno 32. Awamu ya tatu inauzwa, na haishikilii muwa.

Ndugu zangu, swali ninaloulizwa kila wiki ni hili: "Dokta, nina gego la mwisho, nilitoe?" Nami kila wiki najibu kwa swali: limefanya nini? Sijauliza limeota lini, wala jirani yako alifanyaje la kwake. Limefanya nini? Gego linahukumiwa kwa matendo.

Nianze na lenye hatia.

Alikuja kijana wa bodaboda, miaka 21, kituo chake kilekile cha Mnazi Mmoja. Ilikuwa katikati ya msimu wa korosho, na mnajua msimu ule hakuna bodaboda anayekubali kuumwa. Alikuwa amefungwa kitenge cha mama yake kichwani mpaka chini ya taya. Namuuliza jambo, anajibu meno yamefumba. Mama ndiye aliyesimulia.

Mara ya kwanza fizi ya nyuma ilimuuma, ikavimba, mdomo ukawa na ladha mbaya. Akaenda duka la dawa akanunua vidonge vya rangi mbili, vinne. Vinne! Maumivu yakaisha, akarudi barabarani. Baada ya miezi miwili yakarudi. Vidonge vinne vingine. Mara ya tatu rafiki yake akamwambia dawa ya kweli ni mafuta ya ganda la korosho, paka palepale yaunguze mdudu. Wazee wangu, nani hapa hajawahi kubabuka mkono akibangua korosho za kuchoma? Kama yanafanya vile kwenye kiganja chenye sugu za jembe, yatafanya nini ndani ya shavu? Mdudu hakuwepo, kwa hiyo hakuungua. Kilichoungua ni shavu.

Nieleze kilichokuwa kinamsumbua, maana hapa ndipo wengi mnapoumia. Gego lake lilitoka nusu. Ile nusu ya nyuma ilifunikwa na kipande cha fizi, kama pazia la mlangoni. Chakula kinaingia chini ya pazia: ugali, nyuzi za embe, vipande vya samaki. Mswaki haufiki. Kikikaa pale kinaoza, bakteria wanasherehekea, fizi inavimba. Ikishavimba inanyanyuka, na gego la juu sasa linaing'ata kila ukifunga mdomo. Inang'atwa, inavimba zaidi. Inavimba, inang'atwa zaidi. Mwishowe misuli ya kutafunia inakaza na mdomo haufunguki.

Jaribuni. Vidole vitatu vya mkono wako mwenyewe, vilivyosimama kimoja juu ya kingine, viwekwe kati ya meno ya juu na ya chini. Vimeingia? Safi. Yule kijana kiliingia kimoja, nacho kwa machozi.

Antibayotiki, vile vidonge vya rangi mbili, hazikuwa uongo. Zinapigana na maambukizi yaliyoanza kusambaa, na hapo mtu ana homa, uvimbe wa shavu, taya limekaza. Lakini antibayotiki haikati pazia. Haisimamishi gego lililolala. Vidonge vinne ndiyo kabisa, vinawafundisha bakteria mchezo wako. Fizi ikiuma kidogo kwa mara ya kwanza, kinachotakiwa ni kuoshwa vizuri chini ya lile pazia na mtu wa meno, kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi mara kadhaa kwa siku, dawa ya maumivu, na mswaki mdogo unaofika nyuma. Mara nyingi fizi inatulia, gego linaendelea kutoka, mambo yanaisha. Kuvimba mara moja, tena kwa wepesi, bado hakujaleta hukumu ya kung'oa.

Ikirudi? Mara ya pili, ya tatu, palepale? Hapo limeonyesha tabia. Hapo tunazungumza kung'oa, na tunazungumza ukiwa umetulia, si ukiwa umevimba. Dawa ya ganzi haifanyi kazi vizuri kwenye nyama iliyojaa maambukizi, ndiyo maana huambiwa kwanza utibiwe halafu urudi. Watu wanakasirika. "Nimetoka Rutamba na nauli yangu, unanirudisha?" Sikurudishi kwa dharau, mwanangu. Nakurudisha ili nisikung'oe ukiwa unasikia kila kitu.

Na sasa nisikilizeni hata ninyi wa pikipiki. Zipo dalili zisizosubiri Jumatatu. Uvimbe umeshuka chini ya kidevu au shingoni. Kumeza mate kunashindikana, yanadondoka. Ulimi umenyanyuka, sauti imebadilika kama mtu ana kiazi cha moto mdomoni. Kupumua kunakuwa kwa shida. Hapo hakuna maji ya chumvi, hakuna duka la dawa, hakuna kusubiri kuche. Ni hospitali usiku huohuo, kwa gari lolote. Uvimbe wa jino unaweza kuziba njia ya hewa, na ukiziba hautoi taarifa.

Yule kijana alilazwa, akatibiwa, wiki mbili baadaye gego likatolewa. Siku hizi akinipita barabarani anapiga honi mara tatu. Sijui ni shukrani au ni kunikumbusha vile vidole vitatu.

Wahenga walisema meno ya mbwa hayaumani. Ya mbwa, pengine. Ya binadamu yanaumana, tena ndugu kwa ndugu.

Mwalimu mmoja, mama wa miaka 34, alikuja akilalamikia jino la saba. Maji baridi yanamchoma, usiku linagonga kama ngoma. Kwa nje la saba lilikuwa zuri, jeupe, zima. Nikafikiri labda anasaga meno usingizini. Tukapiga picha ya mionzi. Kumbe nyuma yake gego la nane limelala chali, kichwa chake kimelisukuma la saba ubavuni, na katikati yao mna mfuko ambao mswaki haujawahi kuuona. La saba lilikuwa limeoza kwa nyuma, chini ya fizi, karibu kufika moyoni mwa jino. Na la nane lenyewe? Halikuwahi kumuuma. Hata siku moja.

Mmeelewa ubaya wake? Mwenye kosa alinyamaza, aliyeonewa ndiye aliyelia. Kama ningemsikiliza aliyelia peke yake ningeng'oa la saba, nikamwacha mkosaji amelala. Tuliling'oa la nane. La saba tulilisafisha, tukaliziba, akalitumia kwa miaka. Ingechelewa miezi michache angepoteza yote mawili.

Kwa hiyo mtu asijidanganye kwamba pasipo maumivu hapana tatizo. Gego lililozama linaweza kuoza mahali pasipozibika. Linaweza kula mzizi wa jirani yake. Mara chache hufanya uvimbe wenye majimaji kuzunguka kichwa chake ndani ya taya, ukatafuna mfupa taratibu bila kelele. Picha ndiyo inayoona. Mashine kubwa ya kupiga taya lote kwa mara moja haipo kila kituo, najua. Ndiyo maana zahanati inakuandikia uende hospitali ya wilaya, wilaya inakuandikia Hospitali ya Mkoa ya Sokoine, na kesi ngumu zinavuka kwenda Hospitali ya Kanda kule Mitengo, Mtwara. Ukipewa karatasi hiyo usiifungie sukari.

Kesi ya tatu ni yangu, na mshtakiwa ni mimi.

Miaka yangu ya mwanzo kazini, sikuwa hapa Lindi, alinijia msichana wa chuo, miaka 19. Meno yake ya mbele ya chini yalikuwa yamepandana kidogo. Dada yake alikuwa amemwambia kwamba magego ya nyuma ndiyo yanayosukuma foleni, yang'olewe kabla meno hayajaharibika zaidi. Nikaangalia. Magego mawili ya chini yamezama kabisa ndani ya mfupa. Hayana uvimbe, hayana kuoza, hayajagusa mtu. Mashahidi wote walikuwa upande wao. Nikamuuliza, una uhakika? Akasema, "Dokta, yote mawili." Nami nilikuwa kijana, mikono inawasha, nataka kuonyesha ninaweza. Nikayatoa.

Ndani ya taya la chini mnapita mshipa wa fahamu unaoupa mdomo wa chini na kidevu uwezo wa kuhisi. Kwa watu wengine mizizi ya gego la mwisho inalala jirani kabisa na mshipa huo. Upande wa ulimi kuna mwingine. Ukiguswa, ganzi inabaki: kwa wengi wiki au miezi, kwa wachache haiondoki. Msichana yule aliamka kesho yake nusu ya mdomo wa chini haupo. Akinywa chai inamwagika kifuani hajui. Alijing'ata mpaka akatoka kidonda. Ilichukua miezi minne hisia kurudi, kidogo kidogo, kama mchwa wanatembea. Miezi minne ambayo mimi nilikuwa nalala vibaya.

Na meno ya mbele je? Yalinyooka? Yalibaki vilevile. Meno ya mbele ya chini hubanana kadiri mtu anavyokua hata kwa asiye na magego ya mwisho, na kuyang'oa ya nyuma ili kunyoosha ya mbele hakujathibitika kusaidia. Nilikuwa nimemhukumu asiye na kesi.

Baadaye nikaja kujua kwamba mwaka 2000 taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, NICE, iliwaambia madaktari wa huko waache kung'oa magego yaliyozama yasiyo na ugonjwa. Marekani wengi wanayatoa mapema, na hoja yao si ya kijinga: ukiwa kijana mizizi haijakomaa, mfupa ni laini, kidonda kinapona upesi, ukifika miaka 40 kazi inakuwa ngumu zaidi. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu gego likishaonyesha makosa nakuambia usiliahirishe miaka kumi. Lakini kumpasua mtu mzima wa afya kwa kosa ambalo halijatendwa? Hapa kwetu, ambapo ukipata tatizo baada ya upasuaji una safari ya basi mbele yako? Mimi niko upande wa Waingereza. Kwa sharti moja: kuliacha si kulisahau. Angalau mara moja kwa mwaka, mtu wa meno alitazame.

Mama zangu, mnakumbuka habari ya meno ya plastiki? Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, mtu anasema ni meno ya plastiki, fizi inachokolewa kwa kitu kichafu. Kinachotolewa pale ni mbegu ya jino halali la mtoto. Kuharisha kunabaki palepale na kidonda kimeongezeka. Kuna watoto walipoteza maisha. Ni woga uleule, jino limeshtakiwa kwa jina lake tu.

Haya, sasa imethibitika lako litoke. Nitakwenda haraka, jua linapanda. Kabla ya kukaa kwenye kiti sema kama una presha, kisukari, ujauzito, mzio wa dawa, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Usifiche, hatuna habari ya kukusengenya. Unachomwa ganzi, utasikia kusukumwa na kuvutwa, maumivu makali hutakiwi kusikia, ukiyasikia nyoosha mkono. Lililozama hukatiwa fizi, pengine hugawanywa vipande, kisha unashonwa. Na la juu likitolewa macho hayapofuki. Nimeulizwa hilo mpaka na polisi.

Ile pamba iume nusu saa bila kuichungulia. Damu iliyoganda kwenye shimo ndiyo bandeji yako, ukiing'oa umejing'oa mwenyewe. Kwa hiyo siku ya kwanza usisukutue, usitemeteme, usinyonye kitu kwa mrija, hata dafu mimina kwenye kikombe. Shavu likandwe kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Uvimbe kuongezeka siku ya pili na ya tatu ni kawaida, kisha hushuka. Kuanzia kesho yake, maji ya chumvi ya uvuguvugu, taratibu. Kula uji, ndizi laini, samaki aliyechambuliwa. Ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, haikimbii, itakusubiri. Asprini usiibandike kwenye fizi, inaunguza.

Sigara hapana. Fundi seremala mmoja aliniambia, "Dokta, nitavuta upande wa pili." Moshi una upande? Siku ya tatu akarudi ameshika sikio, maumivu yanapanda mpaka kichwani. Ile damu iliyoganda ilikuwa imetoka shimoni, mfupa uko wazi, tunaita tundu kavu. Tukamsafisha, tukamwekea dawa. Na wanaotabasamu kule nyuma, uraka, pombe ya mabibo, nao unahesabika. Usubiri.

Nilipofika hapo mwenyekiti alinionyesha saa, nikaruhusu swali moja. Akasimama bibi mmoja, fimbo mkononi.

"Mwanangu, mimi langu la chini kushoto liliota nikiwa na mtoto wa kwanza. Sasa huyo mtoto ana wajukuu. Unasemaje, nilitoe?"

"Shikamoo bibi. Limewahi kuvimba?"

"Hata."

"Unatafunia nini?"

"Muhogo mbichi. Na muwa, nikiletewa."

Nikamwomba aje mbele. Nikawasha tochi ya simu, akapanua mdomo vidole vitatu na zaidi, vijana wote wakasogea kuona. Lilikuwa limesimama wima, limechakaa kwa juu kama jiwe la kunolea. Nikazima tochi nikamwambia arudi nalo mwakani. Akaniuliza kama muwa ninao.